Sifuri ya Athanasi

Mayunga, mtaalamu wa uhimilishaji aliyekuwa akipandisha ng'ombe wa Migato bila dume, alikutwa asubuhi amekufa ndani ya chumba cha mbegu. Hakuwa na jeraha. Chumba hakina dirisha, na komeo la mlango liko nje.

Kijiji kikasema ni uchawi, tena wa Mayu Dorkasi. Juzi bibi huyo aligombana na Mayunga, ng'ombe wake aliposhindwa kushika mimba kwa mara ya tatu, akamwambia, "Utaona." Neno hilo moja tu, basi, limemponza.

Sajenti Justina Luhende alifika kutoka Bariadi na askari mmoja, akamwingiza bibi kwenye gari la polisi. Watu wakalizunguka kwa fimbo na mapanga. Tusidanganyane, Justina aliogopa. Aliwaomba wampe muda kidogo, na Masunga, jirani wa bibi mwenye panga refu kuliko wote, akamjibu kwamba asichelewe.

Chumbani, mtungi wa naitrojeni, ile gesi baridi ya kimiminika inayogandisha mbegu za madume, ulikuwa umesimama, mfuniko umefungwa. Kipimo cha ubavuni kilisoma 297, na herufi K pembeni. Justina akatoka, akafunga mlango, akamwita aliyeiona maiti kwanza.

Ni Athanasi, mwenye pikipiki anayeleta naitrojeni. Alieleza kwamba alilala Lagangabilili, akafika alfajiri, akafungua komeo, akapiga yowe. Kisha akawageukia watu.

"Mtungi ni mtupu. Gesi yote ile iende wapi usiku mmoja, kama si uchawi?"

Watu wakasogelea gari. Bibi akajikunyata.

"Umejuaje ni mtupu?" Justina aliuliza. "Mfuniko umefungwa."

"Nilisoma kipimo, afande. Kilikuwa sifuri."

"Una hakika?"

"Kabisa. Hata kwenye pikipiki, mafuta yakiisha mshale si unalala sifuri?"

"Kile kinapima baridi, Athanasi, hakipimi ujazo. Ni cha Kelvini. Gesi ikiwemo kinasoma 77. Sifuri yake ndiyo mwisho wa baridi yote: hasi 273 kwa Sentigredi, karibu hasi 460 kwa Farenhaiti. Hakuna binadamu aliyewahi kuifikia. Na gesi ikiisha kinapanda. Sasa hivi kinasoma 297, joto la chumba. Wewe hukukitazama. Ulijua mtungi ni mtupu kwa sababu uliumwaga wewe."

Athanasi alitazama pikipiki yake, kisha mapanga, akakaa chini, akakiri. Alikuwa akiuza nusu ya gesi njiani, mbegu zinakufa; ndiyo maana ng'ombe wa Dorkasi hakushika. Mayunga aligundua, akaapa kumshtaki. Jana jioni Athanasi alimwaga mtungi wote chumbani mwenzake akiwa ameinama kazini, akatoka mbio, akasukuma komeo; alfajiri akausimamisha mtungi na kuufunga mfuniko. Gesi ilifukuza hewa, na asubuhi hapakuwa na alama.

Justina alimtia pingu, akamwingiza garini haraka kabla mapanga hayajamgeukia Athanasi. Masunga akaficha lake mgongoni, akainama dirishani.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia, kama vile ndiyo kwanza wanaonana.

Bibi akampa kisogo. Justina akamwambia kwa upole kwamba yameisha, ashuke aende nyumbani, asikae na muuaji.

"Nipelekeni Bariadi kwa binti yangu," alisema Mayu Dorkasi, akimsogelea Athanasi. "Huyu angalau amefungwa."