Kulwa Ndiyo Inakuja

Mimi ni Josephat, mwana wa Mutayoba, mwana wa Kashaija wa Kamachumu. Kashaija aliitwa na majirani kuamua mipaka ya mashamba ya kahawa, na aliposimika jiwe hakuna aliyelisogeza. Mutayoba, baba yangu, alikuwa katekista. Alivuka ziwa kuja Mwanza akiwa na kitabu cha sala na suti moja, na siku ya maziko yake watu waliziba barabara. Katika hao wote hakuna ambaye jina lake liliwahi kusomwa mahakamani. Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la nyuma nikasikia jina letu likisomwa.

Mengi ninayoyaandika nilisimuliwa na Revocatus, mjukuu wangu, kupitia wavu wa gereza; mengine niliyasikia mahakamani. Nimeyapanga kwa utaratibu. Sikuyapamba, wala sikuyapunguza.

Igoma, chumba cha nyuma

Walikuwa wanne nyuma ya gereji ya pikipiki. Mlango ulifungwa kwa komeo, redio ikafunguliwa kwa sauti ili mazungumzo yasivuke ukuta. Katikati ya meza hapakuwa na ramani. Palikuwa na simu.

Shimba ndiye aliyekuwa mkuu wao. Mtu mnene, mpole wa sauti, aliyewahi kufungwa na kutoka. Kashindye alikuwa fundi. Aliwahi kufunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye mabasi hadi alipofukuzwa kwa wizi wa betri. Obedi alikuwa mwendesha boti kutoka Nansio, mtu asiyeongea. Wa nne alikuwa Revocatus. Alikuwa na cheti cha kidato cha sita, na alikuwa amechoka kukionyesha kwenye ofisi za watu.

Kashindye aliwaeleza. Mzee mmoja wa Magu ana mabasi mawili yanayopeleka na kurudisha abiria kati ya Magu na Mwanza kutwa nzima. Yanaitwa Mapacha. Moja ni Kulwa, la pili ni Doto. Kila moja limefungwa kifaa, na abiria aliyeko kituoni hufungua simu akaona nukta ikitembea barabarani, na juu ya nukta jina la basi. Akiona basi bado liko mbali, anaendelea na chai yake.

"Na sisi tutaendelea na chai yetu," Shimba alisema. "Kidoti kikifika Nyanguge, tunavaa."

Mzigo ulikuwa mabondo ya sangara. Wasiolijua ziwa wadhani thamani ya sangara ni minofu. Thamani yake kubwa ni bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni, kikikaushwa vizuri na kufikia mikono ya wanunuzi wa ng'ambo. Mfanyabiashara mmoja aliyeogopa gari lake lisitekwe alikuwa ameanza kuyapeleka mjini kwa basi la kawaida, gunia moja katikati ya magunia ya dagaa. Mchukuzi wa stendi ya Magu aliliuza jambo hilo kwa Shimba. Siku ya siku, angewapigia na kuwatajia basi.

Baada ya Nyanguge kulikuwa na kalavati lililokuwa likitengenezwa, na kazi ilikuwa imesimama. Wangevaa fulana za mafundi wa barabara. Mmoja angeshika bendera mbili, nyekundu na kijani. Basi lingesimama lenyewe, kwa adabu, mchana kweupe. Kisha gunia, pikipiki, mwalo wa wavuvi, boti ya Obedi, Nansio.

Bendera alipewa Revocatus, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu mwaminifu. Shimba alilisema hilo akicheka.

Ndipo Revocatus akatoa sharti lake. Mdogo wake, Gladness, alikuwa kondakta wa Doto.

"Kulwa sawa," alisema. "Doto hapana. Mzigo ukipanda Doto, tunaahirisha."

"Wahaya bwana," Kashindye akasema. "Hata wizi mnataka uwe na katiba."

Wakacheka. Shimba hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba sheria ya kazi anaijua: atakayemtambua mmoja wao hatoki pale akiwa na mdomo. Kwa hiyo sharti lake ni jema kwa wote.

"Kulwa tu," alisema Shimba. "Una neno langu."

Wakapeana mikono. Kitukuu wa Mutayoba akapokea neno la mwizi kama dhamana, akalala usingizi.

Nukta ikiwa stendi ya Magu

Ilikuwa Jumanne. Anga ilikuwa na mawingu mepesi, majaruba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili za barabara. Simu zote zilikuwa zimezimwa na kutupwa ndani ya ndoo ya saruji, isipokuwa ya Kashindye. Shimba alilala nyuma ya lundo la kokoto, bastola chini ya kofia yake. Obedi alikuwa mwaloni na injini.

Mchukuzi alipiga. Maneno machache.

"Kulwa," Kashindye akatangaza. "Gunia liko kwenye buti, upande wa dereva."

Revocatus alivuta pumzi. Aliniambia kwamba katika siku zote za mpango ule, huo ndio wakati pekee alioona furaha. Mdogo wake alikuwa salama. Alikaza fulana yake ya kung'aa, akaanza kuruhusu magari kwa bendera ya kijani, moja baada ya jingine, na madereva walimpungia mkono kwa heshima, kama mtu mwenye kazi yake.

Nukta ikiwa Nyanguge

"Kulwa imetoka Nyanguge," Kashindye alisema kwa sauti ya chini. "Doto iko nyuma yake, mbali. Vaa sura ya kazi, msomi."

Basi lilitokea kwenye kona. Revocatus alishika nyekundu, akainyanyua hadi kifuani. Kisha akasoma maandishi juu ya kioo cha mbele. Yalikuwa makubwa, ya rangi mpya, nyeupe juu ya bluu.

DOTO.

Hakufikiri. Nyekundu ikashuka, kijani ikapanda. Basi likapita likirusha vumbi, na mlangoni alisimama kijana asiyemjua.

Shimba alitoka nyuma ya kokoto. Hakupaza sauti. Alimuuliza kama ni kipofu au ni msaliti, maana angependa kujua kabla ya kuamua la kufanya.

"Limeandikwa Doto," Revocatus alijibu. "Sharti letu."

Kashindye alimsogezea simu. Nukta iliyopita mbele yao, na ambayo sasa ilikuwa ikielekea Kisesa, ilikuwa na jina la Kulwa. Fundi alitazama barabara, akatazama simu, akatukana kifaa, akatukana kampuni. Kisha akampigia mchukuzi. Mchukuzi aliapa kwamba mzigo umepanda Kulwa. Jina ameliona kwa macho yake, limeandikwa mbele, rangi bado inanuka.

Rangi bado inanuka. Hapo Revocatus alikumbuka.

Jumapili iliyotangulia walikula kwangu, yeye na Gladness. Binti yule alitusimulia kisa cha kazini kwake, na mimi nilicheka hadi nikafuta machozi. Basi la Kulwa lilikuwa likiharibika kila mara. Mama mzazi wa tajiri mwenye mabasi, bibi wa Kisukuma wa zamani, akauliza ni basi lipi lililoshushwa melini kwanza. Hati zikaonyesha kwamba la kwanza kushuka ni lile waliloliita Doto. Bibi akasikitika sana. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka ndiye Kulwa, na anayefuata ndiye Doto. Kumpokonya mkubwa jina lake ni kumtafutia mdogo maradhi. Jumamosi hiyo fundi rangi akaitwa, na majina yakabadilishwa. Makondakta wakabaki na mabasi yao. Gladness alilala kondakta wa Doto akaamka kondakta wa Kulwa, na alidai apandishwe cheo.

Hakuna aliyekumbuka kubadilisha majina kwenye simu. Bibi hana habari za simu, na vijana wa ofisini hawana habari za bibi.

Revocatus alikuwa mezani pale. Alicheka tulipocheka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye simu, chini ya meza, akifuatilia nukta, na maneno yalimpita.

Sasa alinyamaza. Alidhani ukimya utatosha. Lakini Kashindye hakuwa mjinga. Aliyaweka pamoja, rangi mpya na jina, akapiga paja.

"Wamebadilishana majina. Mzigo uko kwenye gari ya nyuma. Hii inayosoma Doto kwenye simu."

"Basi tunaondoka," Revocatus alisema. "Shimba, dada yangu yumo. Ulinipa neno lako."

"Nilikupa neno gani?"

"Kulwa tu."

"Haya." Shimba alirudi kulala nyuma ya kokoto, akaiweka kofia vizuri juu ya bastola. "Kulwa ndiyo inakuja."

Nukta ikikaribia kalavati

Simu ya Revocatus ilikuwa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa miguuni pa Kashindye. Akikimbia, bastola ilikuwa nyuma yake. Akipiga kelele, nani angesikia? Alimsihi Shimba kwa maneno niliyomfundisha kumwomba Mungu. Shimba alimjibu kwamba Gladness asipomtambua mtu, hana la kuogopa. Ainamishe uso, avute kofia, kazi itakwisha kabla abiria hawajamaliza kulalamika.

Mjukuu wangu alibaki na kitu kimoja mkononi. Bendera.

Basi likatokea kwenye kona. KULWA, maandishi meupe. Revocatus alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akageuza uso upande, akainyanyua ya kijani juu kabisa, akaipunga. Pita. Pita. Dereva aliongeza mwendo. Nyuma ya kokoto alisikia Shimba akimtukania mama yake.

Kichwa cha basi kilimpita. Kioo kimoja, kioo cha pili. Aliniambia kwamba alianza kusali sala ya shukrani.

Kisha akasikia kiganja kikigonga bati la basi, kwa nguvu, namna kondakta anavyomsimamisha dereva.

Basi likasimama hatua chache mbele. Gladness akaruka chini, akaja akikimbia, mkoba wa nauli ukimpiga nyongani. Uso ulikuwa umefunikwa, lakini ni nani asiyeujua mgongo wa kaka yake?

"Kaka Revo! Umepata kazi ya barabara halafu unatuficha?"

"Rudi kwenye gari, Gladi."

"Siondoki. Geuka huku nikupige picha. Babu akiiona leo hatalala."

"Gladi, nakuomba. Panda gari."

Alidhani kaka yake anaona aibu. Alicheka, akainua simu.

Kwa Shimba, aliyekuwa akinyanyuka, yule hakuwa binti mwenye furaha. Alikuwa shahidi aliyeelekeza kamera kwake. Alifyatua. Revocatus alijirusha, akachelewa. Risasi ilimpata Gladness juu ya kiwiko cha mkono ulioshika simu, ikavunja mfupa, ikamwangusha.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka na ya hovyo. Shimba alimwelekezea dereva bastola, Kashindye akafungua buti, wakavuta gunia kutoka katikati ya dagaa. Abiria walilala sakafuni. Shimba alisimama mara moja juu ya ndugu wawili. Revocatus alikuwa amemlalia dada yake, ameukaza mkono uliovunjika kwa bendera ya kijani. Hakuinua uso. Shimba alivuta kifyatulio. Bastola ilikwama, akaitikisa, akatukana, akasikia honi ya lori likija, akapanda pikipiki.

Walifika mwaloni. Gunia walikuwa nalo. Boti hawakuwa nayo. Obedi aliusikia mlio wa risasi kutoka mbali, na yeye alikuwa amekubali wizi, hakukubali damu. Walimwona akiwa tayari katikati ya maji, mgongo umewageukia, na hadi leo hakuna ajuaye yuko wapi. Wavuvi wakawazingira kwa makasia. Ofisini kwa tajiri walikuwa wamekwisha kuona nukta imesimama pasipo na kituo, na polisi walikuwa njiani. Walipofika, Shimba aliinyanyua tena bastola yake mbele yao; walimwahi kwa risasi, na hakuishi kuona kama safari hii ingelia. Kashindye alipiga magoti.

Revocatus walimkuta barabarani, pale pale. Hakukimbia. Aliomba tu wasimwondoe mkono kwenye kidonda mpaka daktari apatikane.

Mahakamani

Gladness aliingia na mkono mmoja; ule uliovunjika ulikatwa hospitalini. Wakili wa kaka yake alijua la kumuuliza, akalisogelea kwa upole: je, bendera aliyoinua mshtakiwa ilikuwa ya rangi gani?

Nilimwona mjukuu wangu, ambaye kwangu ni binti, akimtazama kaka yake kizimbani. Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetereka.

"Ya kijani," alisema. "Alitaka tupite. Lakini ile fulana alikuwa ameivaa tangu asubuhi."

Wakili akaketi. Picha aliyoipiga Gladness ilitolewa ikaonyeshwa. Inaonekana nusu ya uso wa Revocatus, mdomo umefunguka, na nyuma yake mtu mnene akinyanyuka kutoka kwenye kokoto. Revocatus alipewa miaka thelathini. Nilisimama wakati hukumu ikisomwa, kama ilivyo desturi, na nilipotoka nje nilikuwa nimeushika mkono wa Gladness uliobaki.

Sasa nawaambia ninyi vijana, na sitarudia. Yupo miongoni mwenu anayesoma haya akiwa amekaa katika chumba kama kile, redio imepandishwa sauti, na amekwisha kuweka sharti lake jema: asiumizwe mtu, asiguswe ndugu yangu. Hakuna sharti linalosimama mahali hapo. Ulipoliweka ulikuwa umekwisha kukubali. Inuka. Usiage, usieleze, usingoje zamu yako ya kuongea. Fungua komeo, utoke, uende nyumbani kwenu, na ukifika, kaa mezani na watu wako, uwasikilize.