Bawa la Kushoto

Meruert alikuwa amelala kifudifudi juu ya mto Ertis ulioganda, jicho kwenye kamera, watu wakimpita huku na huku. Siku hiyo ukingo wa Ertis ulikuwa umejaa. Misumeno ya injini ilinguruma, trekta zilivuta matofali ya barafu kupeleka uwanja mkuu wa Pavlodar, na akina mama waliuza chai ya maziwa na maandazi ya moto.

"Dada," sauti ilitoka juu yake, "umelalia shingo ya farasi wangu."

Aliinua macho. Kijana mrefu, kofia ya ngozi ya mbweha, ndevu zimeganda nyeupe, msumeno mkononi.

"Farasi gani?"

"Wa barafu. Nimeshampimia hapo ulipo. Ukiendelea kulala nitakuchonga pamoja naye."

"Subiri basi, kaka. Kuna tawi limegandia humu ndani. Jua likihama, basi tena."

Alisubiri. Tena alizima msumeno ili barafu isitetemeke. Kamera ilipokata moto kwa baridi, Meruert akampa betri bila hata kumtazama. "Iweke kwapani, ipate joto." Naye akaiweka, kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Jina lake Yerzat. Kabla barafu haijayeyuka walikuwa hawaachani. Ile picha ya tawi Meruert aliichapisha kubwa akamzawadia, kisha akaifuta kwenye kamera na kwenye kompyuta mbele ya macho yake.

"Sasa iko moja tu duniani, na iko kwako. Ukiipoteza nitakuua."

"Kwa patasi au kwa msumeno?"

"Kwa polepole."

Baridi ya mwaka uliofuata ilipoanza, Meruert aliingia kunywa chai kwenye mgahawa mpya nyuma ya soko. Ukutani, juu ya meza ya wageni wakubwa, alikuta tawi lake.

"Nzuri, eh?" mhudumu alisema. "Kaitengeneza mjomba wake bosi, yule mchonga barafu. Wateja wanamsifu hao!"

Alimpigia Yerzat simu akiwa amesimama chini ya picha.

"Mpenzi, ile picha yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi wa fremu, kipenzi. Kioo kilipata ufa. Kwani vipi?"

"Nimeikumbuka tu."

Akarudi mezani, akamaliza chai yake yote, taratibu.

Hakulia, wala hakwenda kugombana. Tangu wajuane yeye ndiye aliyetembea mtoni kabla ya wachongaji, akifagia theluji na kupiga picha, na Yerzat alikata barafu pale alipoelekezwa. Safari hii alikuwa na mashindano ya jiji, aliyoyatamani miaka mingi. Angechonga tai aliyefungua mabawa. Meruert alijua mahali karibu na gati la zamani ambapo maji yalipanda juu ya barafu, yakameza theluji, yakaganda tena. Juu ilikuwa safi kama kioo. Chini yake palikuwa na tabaka zisizoshikana. Bawa la barafu hiyo lingebanduka lenyewe, jua likilipata.

Akaipiga picha kwa juu, akamtumia.

"Macho yako hayo!" Yerzat alicheka kwenye simu. "Bila wewe ningekuwa wapi?"

"Ungekuwa panapokustahili."

Wakacheka wote wawili.

Siku ya mashindano alivaa shali nyekundu ya mama yake na viatu vipya vya sufu, akapaka midomo rangi. Alitaka kuipiga picha dakika yenyewe. Tai alikuwa mzuri kuliko alivyopenda awe. Meruert alikuwa anaweka lenzi sawa aliposikia anaitwa.

"Mkazamjomba! Umeiona picha yako kwangu?"

Alikuwa Bekarys, mtoto wa dada yake Yerzat, mwenye ule mgahawa, aliyekwisha kumwita hivyo kabla ya ndoa.

"Alikupa lini?" Meruert aliuliza.

"Kunipa? Nimechukua! Mpwa akipenda kitu kwa mjomba, nani wa kumkatalia? Mila inanipa mara tatu maishani, nami nimeanza na hiyo. Masikini Mjomba, akanisukumia pikipiki, akanisukumia bunduki ya babu, nikasema hapana, nataka ile. Sasa kila wiki yuko kwangu ananibembeleza nimrudishie, eti wewe usijue. Mjomba kumdai mpwa! Watu wakisikia si watamcheka?"

"Na wahudumu wako wanasema kaitengeneza yeye."

"Mimi nilisema imetoka kwake. Chumvi wameongeza wao."

Meruert alipita chini ya kamba iliyozuia watu, akikimbia. Yerzat alikuwa juu ya ngazi akilainisha manyoya ya tai.

"Shuka! Bawa hilo litaanguka!"

"Najua."

"Hujui! Ile barafu niliyokuonyesha..."

"Ya tabaka. Msumeno ulipoingia tu ililia kama mkate mkavu." Akaanza kushuka. "Kwingine nimejengea barafu nyingine. Ya kwako ni bawa la kushoto tu."

"Kwa nini uliiweka?"

"Nilitaka kujua una hasira kiasi gani. Leo nimeona umejipamba na hiyo shali kuja kutazama, nikajua."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza."

"Niliuliza! Ukanipeleka kwa fundi wa fremu."

Yerzat akatazama chini. "Ni kweli. Niliona aibu kukuambia nimeshindwa kumkatalia Bekarys. Nikasema, kama hii ndiyo adhabu yangu, acha ianguke."

Kukasikika mlio mdogo, kisha bawa likabanduka na kuporomoka ndani ya kamba. Watu wakapiga ukelele. Waamuzi wakatazamana, wakasogea kwa mchongaji mwingine.

"Umeridhika?"

Meruert aliuchunguza moyo wake vizuri kabla ya kujibu. "Kidogo."

"Basi yameisha?"

"Bado. Mpwa wako amebakiwa na mara ngapi?"

"Mbili."

"Atakapokuja kwa mara ya pili, nataka anikute mimi mlangoni."

Yerzat alichelewa kuelewa. "Unanichumbia? Hapa, mbele ya waamuzi?"

"Nakutisha." Akachomoa betri iliyopoa, akamwekea kiganjani. "Iweke kwapani. Tai wako nampiga picha hivyohivyo, na bawa lake moja. Na picha hii atakayeigusa atanijua."