Na Kamba Yake

Mwalimu Nzuki alifika Katelembo Ijumaa saa kumi na moja jioni, mwezi wa nane mwaka 2003, na shughuli yake haikuwa ya ajabu hata kidogo. Alikuwa amekuja kuchukua pikipiki. Basi.

Ya kwanza alikuwa amekwisha kuiuza. Hako kadogo ndiko kalikomtupa mkewe Mutindi mtaroni karibu na Masii, na tangu siku hiyo mgongo wa Mutindi haukuwa mgongo tena. "Mimi na hako kapunda kako tumeachana," alisema, na hakuwa anatania. Gari za abiria zilimuumiza zaidi. Miezi minane hakuwa amemwona mama yake, Nthambi, kule Muthetheni, na mama mwenyewe alikuwa mgonjwa. Nzuki ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomla moyo.

Sasa tazama alichopata! Pikipiki ya safari ndefu, nzito kama fahali, kiti kipana cha watu wawili, nyuma pana pa kuegemeza mgongo, masanduku mawili ubavuni. Mwenyewe alikuwa Mzee Aloys, mpima ardhi mstaafu aliyeishi peke yake. Kiti cha nyuma kilikuwa kimefungwa kamba ya katani, imesukwa kwa mkono vizuri sana, ya abiria kushika.

Na hapo ndipo mwalimu, na kisomo chake chote, alipokosea. Ukambani hata mtoto anajua: ukiuza ng'ombe, kamba hubaki kwako. Mnunuzi huja na yake. Ng'ombe hauzwi na kamba yake.

"Mzee, hii kamba nikufungulie?"

"Ya nini? Mama atashika nini?"

Nzuki akacheka. Hii ni chuma, si ng'ombe.

"Kwa hivyo umechukua na kamba yake?"

"Nimechukua."

"Sema yote, mwalimu."

"Nimechukua pikipiki na kamba yake."

Mzee Aloys akaketi chini kwenye vumbi, akalia. Nzuki akamhurumia. Watu wengine hulilia vitu vyao, alijisemea, akawasha, akaenda.

Mjini Machakos alisimama kutia petroli. Jua lilikuwa linazama.

"Karibuni," mhudumu akasema, akashika mpira wa mafuta, kisha akasita. "Mama ashuke kidogo, nisimmwagie."

Nzuki akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mhudumu naye akatazama, akajifuta macho, akasema samahani, leo ameshinda juani.

Walipoacha taa za mji... tazama, nami nimesema walipoacha. Alipoacha taa za mji, pikipiki ililala nyuma kidogo, vile mtu anavyojiweka sawa kitini. Halafu ikaja harufu. Kafuri. Ile dawa ya kuchulia viungo vya wazee. Nzuki akasema ni upepo. Akaongeza mwendo, na harufu ikabaki palepale, shingoni mwake.

Pale Makutano, mama muuza machungwa alikuwa anafunga gunia lake. Akainua mkono.

"Mwĩ aseo!"

Kikamba hakina utani katika jambo hili. Mtu mmoja huulizwa *wĩ mũseo*. *Mwĩ aseo* ni ya wawili na kuendelea.

Aliendesha mpaka Masii bila kugeuza shingo.

Nyumbani alifungua kamba ile kabla hata ya kuvua koti, akaenda kuitundika ghalani. Alitaka kumwambia Mutindi. Wallahi alitaka. Lakini Mutindi alitoka na taa, akaketi kwenye kile kiti, akaegemea, akafumba macho.

"Hainiumi," akasema. "Baba Mwende, hainiumi!" Akalia kwa furaha. Wewe ungemwambia?

Jumapili asubuhi kamba ilikuwa imerudi kitini.

"Ni mimi," Mutindi akasema. "Niliiona ghalani. Kwani nishike nini?"

Alikuwa amevaa leso mpya na kumbebea mama yake sukari. Nzuki aliangalia jua, lilikuwa juu na kali, watu walikuwa wanaenda kanisani, na ule woga wa Ijumaa ukaonekana ujinga. Wakaondoka.

Mwendo wa kwanza ulikuwa raha tupu. Mutindi alimshika kiuno na kumpigia kelele sikioni: tazama kwa kina fulani wamejenga, tazama mahindi yalivyokauka. Miezi minane ya kufungiwa ndani ilimtoka mdomoni yote kwa pamoja. Nzuki alikuwa anacheka peke yake mbele pale.

Kisha Mutindi akanyamaza.

"Mutindi?"

"Niko."

Kafuri.

"Mutindi, uko sawa?"

Akamsogelea sikioni. Alinong'ona, vile mtu hufanya asimwaibishe mgeni.

"Nzuki... huyu mama anataka nisonge."

Alikanyaga breki. Breki haikushika. Akafunga petroli, na mashine ikaendelea kunguruma, ikapanda mlima, ikakata kona zote kwa utaratibu kama ng'ombe anayejua kwao. Nzuki alipiga kelele. Aliomba. Hakuweza hata kugeuka, maana mikono ya Mutindi ilikuwa imembana mpaka pumzi ikawa ya kuhesabu.

Pikipiki ilizima yenyewe mlangoni kwa Nthambi. Saa sita mchana.

Nthambi alitoka akasimama mbali, uso upande, kama mkwe anavyostahili kusalimiwa kwa heshima.

"Wĩ mũseo, mwana wa wenyewe?"

Mmoja. Nzuki akangoja amalize.

"Na Mutindi? Umemwacha na nani?"

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Sukari ilikuwa sandukuni. Na mikono bado ilikuwa kiunoni mwake. Hakuiona, lakini aliijua, mpaka kovu la mafuta moto kwenye kidole gumba cha kushoto.

"Niko hapa, Mama," Mutindi akasema nyuma yake.

Mama hakusikia.

Walimtafuta mitaroni, mitoni, hospitalini. Polisi waliandika. Siku ya tatu, jua likizama, Nzuki alirudi Katelembo kwa pikipiki ileile, akagonga kwa Mzee Aloys.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mzee, amejifunga leso, miguu yake imevimba, ananuka kafuri. Alimtazama Nzuki, kisha akatazama nyuma ya bega lake, akainamisha macho kwa aibu.

"Karibuni," akasema. "Ingieni nyote wawili."

Nzuki alianguka magotini. "Mzee, chukua pikipiki yako. Bure. Nirudishie mke wangu."

Mzee Aloys alikuwa mezani, mbele ya vikombe viwili vya chai. Hakuweza kumtazama.

"Mimi pia niliinunua hivyo," akasema. "Nilimbeba mke wangu, huyu Syokau, miaka kumi na moja hivyo. Hairudi nyuma, mwalimu. Huenda mbele tu, kwa mtu mwingine, na kamba yake. Na lazima aseme kwa mdomo wake. Mkewe akikaa, wako hushuka."

"Na kama simpati?"

Syokau ndiye aliyejibu. "Huko nyuma ni baridi," akasema. "Mwambie akushike sana."

Tangu hapo mwaka mzima umepita. Masii wanasema mwalimu amerukwa na akili, kwa vile mtu akimwambia hujambo yeye humsahihisha: sema hamjambo. Jioni huendesha polepole ili Mutindi aone watu. Mutindi haongei mengi siku hizi. Kila usiku huuliza swali moja: umempata?

Juzi alipatikana. Kimanzi, mwalimu mgeni, kijana mwenye adabu, anayependa pikipiki kupita kiasi. Nzuki alimwambia aje saa sita mchana. Alisema tena mara mbili: mchana, si jioni, saa ambayo macho ya watu huona wawili.

Kimanzi aliizunguka, akapapasa kiti, akafika kwenye kamba.

"Hii nzuri. Lakini mwalimu, si kwetu tunasema kamba hubaki kwa mwenyewe?"

Nzuki alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema ndiyo, mwanangu, iache, nenda zako, kimbia. Mungu ni shahidi, maneno yalikuwa ulimini.

Mikono ikambana kiunoni. Ilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Nzuki," sauti ikanong'ona, imechoka. "Muulize kama ameoa."

Nzuki akamuuliza.