Kesi ya Kochi Laini

Wenzangu, mtaa mzima ulimjua Fundi Makochi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na asubuhi ile mambo yalikuwa shwari. Cherehani zilinguruma, mkewe alipima kitambaa cha maua, na mafundi wao wawili walibishana kwa utani nani kakata sponji kombo. Ndipo akaingia mtu wa mahakama na samansi.

Aliyewashtaki alikuwa mteja wao, bwana mmoja mtanashati tuliyempachika jina la Haki Yangu. Alidai kochi walilomuuzia ni laini kupita kiasi. Alilikalia baada ya chakula cha mchana, likamlaza usingizi, akakosa usaili wa kazi. Sasa alitaka fidia ya mishahara yote ambayo angeipata mpaka astaafu.

Mafundi walicheka wakashika mbavu. Lakini nawaambia, kesi ya kipuuzi haiishi haraka kwa sababu ni ya kipuuzi. Mara mlalamikaji anaumwa, mara wakili wake kasafiri, mara faili halionekani. Kila ilipoahirishwa, karakana ilikuwa imefungwa kutwa nzima, na wakili wao alitaka chake. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba makochi ya pale yana kasoro. Fundi mmoja akaambiwa akasubiri nyumbani mpaka hali itengemae. Presha ikampanda Fundi Makochi, chakula kikawa hakipiti.

Kaka wa mkewe akaja kuwashauri. "Shemeji, mpe chochote aende zake. Hata makampuni makubwa hufanya hivyo. Kuendesha kesi ni ghali kuliko kumnyamazisha mtu."

"Nimechoka," Fundi akasema. "Tumlipe tu."

Mkewe akaweka mkasi mezani. "Subirini kwanza. Nataka kuongea na kinyozi."

Kinyozi wa jirani naye aliwahi kushtakiwa na Haki Yangu, kwa kumnyoa akaonekana mzee. Akamsimulia kwa aibu. "Nilimlipa, dada yangu, tukayamaliza nje ya mahakama. Nikapumua. Haukupita muda, mpwa wake naye akaja na kesi yake. Walishajua hapa pananyonyeka."

Mama wa watu akarudi nyumbani na jibu moja. "Hatulipi."

"Na tukishindwa?"

"Tushindwe kwa kosa gani, mume wangu? Nitajie moja tu."

Fundi akafikiri, akafikiri tena. Hakulipata.

Basi wakili wao akaiomba mahakama itazame kwanza kama pana kesi yoyote, kabla ya kuita mashahidi. Wengi wetu hatujui kwamba jambo hilo linawezekana. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akamgeukia Haki Yangu.

"Kochi lilivunjika?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Lilikuchoma? Lilikuangusha?"

"Hapana. Lilikuwa laini mno. Walipaswa kunionya."

"Ulipokwenda kununua, uliomba kochi la namna gani?"

Haki Yangu akakohoa. "Laini."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alingoja kimya kirudi, kisha akasema, "Mahakama hii ni ya aliyeonewa, hata kama hana kitu. Ukiijaza mambo kama haya, yeye anabaki nje akisubiri." Akaitupilia mbali kesi, akaamuru Haki Yangu alipe gharama, na kwa kuwa hii haikuwa kesi yake ya kwanza ya namna hii, tangu siku hiyo asifungue kesi nyingine mpaka mahakama impe ruhusa.

Nje, Fundi Makochi aliegemea ukuta akashusha pumzi ndefu.

"Unalia?" mkewe akamuuliza.

"Jasho hili."

Mkewe akatabasamu, akatoa simu, akampigia yule fundi aliyerudishwa nyumbani. "Kesho njoo kazini, baba."

Yule fundi akadakia upande wa pili. "Mama, siwezi kuja leo?"

"Njoo," akamwambia. "Njoo sasa hivi."

FUNZO

Ndugu zangu, ukionewa, usiogope mahakama, nenda ukadai haki yako. Lakini usiifanye duka la kuchuma usichokitolea jasho, maana madai yako ya uongo yanafunga karakana na kulaza watoto wa wengine njaa. Nawe unayesingiziwa, usikimbilie kununua amani. Tafuta wakili mwaminifu, simama kwenye ukweli wako, uiache mahakama ifanye kazi yake.