Bega la Layla

Lango la uwanja wa Machakos lilikuwa limefurika watu, vuvuzela kila upande na harufu ya mahindi ya kuchoma hewani, na askari alikuwa ameing'ang'ania chupa ya chai ya Safiya.

"Chupa haziingii, mama."

"Afande, hiyo ni chai ya tangawizi," akasema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Kama unaishuku, ionje. Ukianguka, niko hapa kama shahidi."

Askari akacheka, chupa ikapita. Ndivyo Safiya alivyomjua Ismael, muuza samaki wa Masinga, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na marashi mengi ya kushinda harufu ya kazi yake. Safiya alikuwa mjane, fundi wa madera, na siku hiyo alivaa la zambarau lililompendeza, naye alilijua hilo. Bintiye Layla alikuwa kipa wa Kenya katika mashindano ya wasichana wa Afrika Mashariki. Wakaketi pamoja, wakanywa chai ile, na wiki nzima ikawa hivyo.

Mapenzi yakaingia, shaka nayo ikaingia kwa mlango uleule.

"Wewe umekuja kumwangalia nani?" Safiya alimuuliza.

"Mpira tu. Halafu nikapata sababu ingine, imevaa zambarau."

Maneno matamu, lakini simu yake ikiita alisogea mbali, akazungumza kwa sauti ya chini, akarudi akitabasamu. Safiya akatabasamu naye, huku akiwaza. Mwanamume anayeficha simu ana kitu, na mara nyingi kitu hicho kina jina la mwanamke.

Hata hivyo siku ya nusu fainali, kwa furaha ya ushindi, ulimi ulimteleza Safiya. Penalti ikipigwa, alisema, Layla huruka upande wa kulia tu. Bega la kushoto aliliumiza akifanya mazoezi Mitaboni, na kocha hajui, maana akijua atamweka benchi.

"Hiyo nimeisahau tayari," Ismael akasema. Jioni akampigia simu.

"Safiya, nataka kutuma wazee kwa kaka yako Shaaban. Uniambie baada ya fainali, mpenzi."

"Nitafikiria."

"Fikiria, lakini usifikirie sana. Samaki huharibika."

Alilala akicheka. Siku ya fainali, dhidi ya Tanzania, kicheko kilikufa. Kabla ya mechi alimwona Ismael kwenye uzio wa wageni, amemkumbatia mshambuliaji wao nambari tisa, na msichana akamwita baba mbele ya watu wote. Basi simu zile zilikuwa za huyu. Na maneno yale matamu, na utani, na posa! Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza Safiya, na hiki alikuwa amekinywesha chai kwa mkono wake. Hakwenda kuketi naye. Ismael alimpungia mkono kwa mbali, yeye akageuza uso.

Mechi ikaisha bila bao, ikaja zamu ya penalti. Wachezaji walipokuwa wakinywa maji, Safiya akashuka mbio mpaka uzioni, dera amelishika kwa mikono miwili.

"Layla, nambari tisa anajua siri yako. Akija yeye, ruka kushoto."

"Nani alimwambia?"

"Utajua baadaye."

"Na bega, Mama?"

"Vumilia, mwanangu."

Wengine wakapiga, wengine wakafunga, wengine wakakosa, mpaka ikabaki penalti ya nambari tisa peke yake. Akifunga, kombe ni la Tanzania. Layla akaruka kushoto kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda kulia kwake, taratibu, ukaingia wavuni.

Safiya akabaki ameshika uzio. Yule msichana hakuwa ameambiwa kitu, la sivyo angepiga kushoto.

Alimkuta Layla chini, barafu begani, macho mekundu.

"Hakujua, Layla. Mimi ndiye niliyetoa siri yako, na mimi ndiye niliyekupotosha."

Layla akaisogeza barafu begani. "Nani alikuwa anajua?"

"Baba yake. Amenichumbia."

"Na hakumwambia mtoto wake?"

"Hakumwambia."

Layla akafuta pua kwa glavu. "Mimi bado nimekukasirikia. Lakini nenda umwombe msamaha yule mzee."

Ismael alikuwa amesimama kando huku timu ya bintiye ikiimba. Uso wake haukuwa wa mshindi.

"Binti yangu Habiba anaishi Moshi kwa mama yake," alisema kabla hajaulizwa. "Siku ya kwanza niliogopa nikikuambia utahama kiti. Siku ya pili nikaona aibu. Lakini Safiya, mbona Layla akaruka kushoto? Mtoto wangu hupiga kulia kwa kipa siku zote. Alipouweka mpira chini nilijua anakwenda kudakwa, na nikafunga mdomo."

Safiya alilia waziwazi, bila kujali kwamba wanja unamchuruzika kwenye dera. "Nilikushuku mimi. Nilimtuma aruke huko. Nisamehe."

Ismael akamtazama Habiba aliyekuwa amebebwa juujuu, kisha Layla na barafu yake.

"Ulishuku kwa sababu nilificha," akasema mwishowe. "Tumemuumiza sisi wawili."

Safiya akafungua chupa, akammiminia chai.

"Jumapili kaka Shaaban yuko nyumbani," akasema. "Tuma wazee. Na wewe uje mapema, umwombe Layla radhi kwanza, kabla ya kumwona kaka."