Bega la Umurerwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Umurerwa alibeba bidoni, dumu la maziwa, kutoka malishoni hadi barabarani, pale Bihambwe. Kazi hiyo ilimpa mikono yenye nguvu, naye aliijivunia kupita kiasi. Katika kutupa jiwe, darasa zima halikuwa na wa kumfikia. Muhula huu shule ingepeleka msichana mmoja kwenye mashindano ya Masisi, na Umurerwa alijiona amekwishafika.

Kisha akaja Colette, mgeni kutoka Kashebere. Siku ya kwanza tu, jiwe lake lilipita la Umurerwa kwa hatua nzima. Wenzao walishangilia. Umurerwa alipiga makofi ya kujilazimisha huku moyo ukimchoma.

"Ule mutoto iko na dawa," alimnong'oneza rafiki yake Mamy.

"Dawa gani? Anakulaka majani ya sombe na maharagi tu," Mamy alicheka.

Umurerwa hakuamini. Jioni moja alikwenda kumchungulia Colette nyumbani kwao, akamkuta jikoni na sahani iliyojaa.

"Leo hautupi jiwe?" alimuuliza.

"Hapana. Leo mikono inapumuzika."

Kumbe mvivu! Umurerwa aliondoka akifurahi. Tangu siku hiyo alitupa jiwe kila jioni, na kila mara alichagua zito zaidi. Chakula alikionja tu. Kitandani aligeuka huku na huku, akimwona Colette amevaa medali.

Asubuhi ya kumchagua wa kwenda Masisi, bega lake liligoma. Bidoni ilimponyoka na maziwa yote yakamwagika barabarani. Alifika shuleni analia, hawezi hata kuinua mkono.

Mwalimu Isidore, aliyewafundisha michezo, alilishika bega hilo taratibu. "Umelifanya nini?"

"Nilimuonea Colette wivu, Mwalimu. Nilitaka kumupita haraka."

"Sikia, binti yangu. Ukifanya kazi ya nguvu, nyuzi ndogo ndani ya musuli zinaumia kidogo. Ukikula muzuri na kupumuzika, zinajitengeneza, zinakuwa na nguvu kuliko mbele. Na uzito unaongeza polepole."

"Colette alijulia wapi ile yote?"

"Hapa hapa. Nilifundisha darasa yote. Wewe siku ile ulikuwa unamuangalia yeye."

Umurerwa aliinamisha kichwa kwa aibu.

Colette ndiye aliyekwenda Masisi. Siku hiyo Umurerwa alibaki nyumbani na bega lililofungwa kitambaa, na wivu ulimuuma kuliko bega. Colette alirudi akiwa ameshika nafasi ya pili, akaja moja kwa moja kumwona.

"Bega yako ikipona, tutupe pamoja," alisema. "Nachoka kutupa peke yangu."

Umurerwa alisita kidogo. Kisha aliingia ndani, akamletea kikombe cha maziwa.

Bega lilipopona, wote wawili walianza na jiwe dogo, mbele ya Mwalimu Isidore.

"Wivu ulikukataza kula, ukakuibia usingizi," Mwalimu alimwambia Umurerwa. "Na musuli inajengwa wakati umelala. Shindana na jiwe yako ya jana, usishindane na mwenzako."

Jioni hiyo Umurerwa alimaliza sahani mbili, akaenda kulala mapema. Mama yake, Nyirakamana, alimwita.

"Niache, Mama! Musuli yangu iko inajengwa."

"Kuja kwanza uoshe sahani," mama alijibu. "Musuli itakungojea."