Ukungu wa Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, mteja alirudisha maboksi manne ya lebo za dawa ya kikohozi. Palipotakiwa kusomeka mililita 3, palichapwa mililita 8. Bahati nzuri hakuna chupa iliyokuwa imebandikwa.

Msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, ambaye wenzake walimwita Darubini kwa jinsi alivyonasa makosa, alikimbilia mezani kwake. Akashusha kiti kilichokuwa juu mno kwa miguu yake mifupi, akawasha skrini mpya iliyofungwa wiki iliyopita. Herufi zilikuwa kubwa, zimevimba, zimeota ukungu pembeni. Hata yeye hakuweza kuapa ile ni tatu au nane.

"Shikamoo mjomba," Darubini alimwamkia mwenye kiwanda, kaka wa mama yake, alipoingia. "Kosa ni hii skrini."

"Marahaba. Skrini ni mpya, mama. Kilichozeeka ni macho yako." Mjomba alimpa simu yake. "Hebu nisomee huyu mteja anasemaje, mikono yangu ina wino."

Darubini alisoma matusi yote ya mteja. Mjomba alisikiliza, kisha akatoa hukumu: ikifika Ijumaa hali haijabadilika, Darubini atahamia chumba cha kukunja karatasi. Barua ya uhamisho ilikuwa imeshasainiwa. Miaka kumi na minne ya kazi, akakunje karatasi! Alijisikia kulia kwa hasira.

Saa tisa alasiri fundi wa kompyuta alibadilisha kebo. Wapi. Akafungua mipangilio, akaguna.

"Dada, mtu ameshusha vipimo. Skrini hii ni ya nukta 1920 kwa 1080, hapa imewekwa 1280 kwa 720. Herufi zinakuwa kubwa, lakini zinavutwa. Ndiyo huo ukungu."

Akarudisha. Picha ikawa safi kama maji ya kunywa.

Jumanne, saa mbili asubuhi, ukungu ulikuwa umerudi. Darubini alishusha kiti akimsonya fundi aliyekuwa njiani. Fundi alipofika alirekebisha, akazima na kuwasha kompyuta mara tatu mbele yake. Vipimo havikusogea.

"Mashine haisahau," alisema. "Kuna mkono wa mtu."

Jumatano ukungu tena. Safari hii alimfuata mchapaji, mtu aliyenung'unika wiki nzima kwamba skrini imenunuliwa huku mashine yake ikipiga kelele.

"Jana ulifunga kiwanda wewe?"

"Saa kumi na moja kamili, kama kawaida."

"Ukagusa kompyuta yangu?"

"Niiguse nikatafute nini? Mimi naipangusa vumbi tu, tena ikiwa imezimwa. Dada, usinitafutie balaa." Alikuwa amekasirika kweli. "Halafu vipimo vyenyewe sijui hata vinakaa wapi."

Darubini alirudi mezani ameishiwa. Daktari wa macho alikuwa amempima mchana ule, hana kasoro. Alikaa akitazama trei ya fomu. Kazi alizomaliza jana jioni zilikuwa zimeshapitishwa na kusainiwa asubuhi, kabla hajafika. Akatazama kiti. Kila siku alikishusha. Nani alikipandisha? Mchapaji ni mfupi kuliko yeye.

Kisha akakumbuka mikono iliyompa simu. Haikuwa na hata tone la wino.

Ijumaa alifika saa moja na robo. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, magoti marefu chini ya meza, akibofya mipangilio.

"Usiinuke, mjomba," alisema. Alitandaza mezani picha mbili zilizochapwa, alizoandaliwa na fundi jana: lebo moja, ukubwa uleule, moja safi, nyingine yenye ukungu. "Ipi mbovu?"

Mjomba alirudisha kichwa nyuma, akakisogeza mbele. Alichukua muda mrefu.

"Zote ziko sawa."

"Ya kulia haisomeki, mjomba. Mtoto wa chekechea angeiona."

Mzee alivua kofia, akaikunja.

"Mimi nakuza herufi tu," alisema. "Ukitaja ukungu sikuelewi. Kwangu kila kitu kiko hivyo, mwaka wa pili sasa. Nilidhani wewe ndiye uliyeharibika."

"Kwa nini hukusema?"

"Wanangu wakijua sioni watanikalisha nyumbani. Nitafanya nini huko, niangalie ukuta? Na ukuta wenyewe siuoni."

Darubini hakucheka. Wiki nzima alikuwa amemsonya fundi wa watu, amemsingizia mchapaji, ameyatilia shaka macho yake mwenyewe.

"Leo saa nne unakwenda kwa daktari wa macho. Nakupeleka mimi," alisema. "Na barua yangu?"

Mjomba aliitoa mfukoni, akaiweka mezani pamoja na kalamu yake ya kupitishia kazi. Barua aliichana. Kalamu aliisukuma upande wa mpwa wake. Halafu akainuka, akamwachia kiti, akavuta stuli na kukaa kando yake mbele ya lebo mpya ya dawa ya kikohozi.

"Nisomee," alisema. Safari hii hakutaja wino.